Chungu Kinachovumilia Kusahauliwa: Mwongozo wa Mimea ya Mlangoni kwa Biashara za Mwanza

Pita mjini Mwanza mwezi wa Agosti, iwe Barabara ya Kenyatta au ya Nyerere, uangalie milango ya maduka na maofisi. Utaona vyungu vya maua vilivyobaki na udongo mgumu kama tofali, vipande vya sigara, vocha zilizokwanguliwa, na kijiti kimoja kikavu kimesimama katikati. Hayo ni mabaki ya siku ya ufunguzi. Utepe ulikatwa, picha zikapigwa, maua yakapendeza. Miezi mitatu baadaye hakuna anayekumbuka nani alikuwa anayamwagilia.

Mimi ni mtu wa kitalu. Mteja akija kunilalamikia kwamba maua yamekufa, simuulizi aliweka mbolea gani. Namuuliza zamu ya maji ilikuwa ya nani. Mara nyingi jibu ni kimya, halafu kicheko.

Na mimi nilijifunza kwa hasara. Kazi yangu ya kwanza ya mlangoni ilikuwa ya gesti moja upande wa Kirumba, mwezi wa sita, mlango unatazama magharibi. Nilipanga vyungu vidogo kumi na viwili kwenye ngazi, begonia na waridi, na cha mwisho nikakijaza sansevieria, mmea wa majani magumu yaliyosimama, kwa sababu begonia ziliniishia. Kufika Nanenane vyungu kumi na kimoja vilikuwa vimekufa. Mwenye gesti, mama wa makamo, hakufoka. Alininyooshea kile kimoja kilichobaki akasema, "Mwanangu, hiki nacho kichukue, kisije kikafia mikononi mwangu." Niliondoka nacho kwenye bodaboda nikiwa nimekikumbatia.

Tangu hapo napanga chungu kwa kuanzia siku kitakayosahaulika. Siku hiyo itafika tu: mlinzi ataenda likizo, mfagizi atabadilishwa, bosi atasafiri, maji yatakatika. Chungu kikiweza kukaa siku kumi za kiangazi bila mtu kukigusa, umemaliza sehemu kubwa ya kazi. Tuende hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Simama mlangoni usome jua

Usinunue kitu kabla ya hapa. Chagua siku moja isiyo na mawingu, simama mlangoni saa tatu asubuhi, saa sita, saa tisa na saa kumi na moja jioni. Andika kila mara kama pale utakapoweka chungu pana jua au kivuli. Hizo ni dakika tano tu mara nne.

Kuna jambo ambalo miongozo mingi ya mtandaoni itakupoteza nalo. Imeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, na kwao upande wa kusini wa nyumba ndio wenye jua mwaka mzima. Sisi tuko kama nyuzi 2.5 tu kusini mwa ikweta. Hapa jua la mchana linahama. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Septemba linapita upande wa kaskazini, na kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi linapita kusini. Maana yake ni kwamba mlango unaotazama kaskazini unapigwa na jua hasa kipindi cha kiangazi kikuu, Juni hadi Agosti, wakati mvua hakuna. Mlango unaotazama kusini unapata jua lake kali wakati wa vuli, mvua zikiwapo, kwa hiyo una nafuu. Mashariki ni rahisi kuliko kote, jua la asubuhi ni la upole. Magharibi ndiko kunakoua: jua la saa tisa, ukuta umeshika moto, lami nayo inarudisha joto kutoka chini.

Angalia pia mvua. Chungu kilicho chini ya kibaraza hakipati hata tone, masika yanyeshe yasinyeshe. Watu wengi husahau hili. Wanaona barabara imelowa wanadhani na maua yamekunywa. Ingiza kidole kwenye udongo uone.

Upepo ni wa pekee kwa wanaokaa karibu na maji. Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko ziwa, hewa inavutwa kutoka ziwani kuja huku, na usiku mambo yanageuka. Kwa mlango wa Capri Point au wa jirani na gati, upepo huo wa mchana unakausha majani na kuangusha chungu chepesi chenye mmea mrefu. Majani mapana na laini huchanika. Chagua majani magumu.

Mwisho, pima njia. Mlango ukiwa wazi kabisa na vyungu vikiwa mahali pake, acha angalau sentimita 120 za kupita, ili mwenye kiti cha magurudumu, mama mwenye mtoto mgongoni na mtu wa mzigo wasibanane. Na kama mlango wako unafunguka moja kwa moja kwenye njia ya waenda kwa miguu, kumbuka ile si ardhi yako, ni hifadhi ya barabara. Ongea na ofisi ya mtaa kabla ya kusimika kitu cha kilo mia moja na hamsini.

Hatua ya 2: Chungu kikubwa, na kiwe kimoja au viwili

Fanya hesabu hii. Chungu chenye upana wa sentimita 20 na kina cha sentimita 20 kinabeba udongo lita 6 na kidogo. Chenye upana wa 40 na kina cha 40 kinabeba kama lita 50. Umeongeza vipimo mara mbili, udongo umeongezeka mara nane. Udongo ndio tenki la mmea. Lita 6 kwenye jua la magharibi hukauka siku moja hadi mbili. Lita 50 zenye mmea usio na pupa ya maji hukaa wiki na zaidi.

Kwa hiyo ukija kitaluni ukiwa na fedha ya vyungu vidogo kumi, mimi nitakushauri ununue vikubwa viwili. Utaona vinapendeza zaidi pia. Vyungu vidogo vingi mlangoni vinafanana na bidhaa zilizopangwa kuuzwa.

Kuhusu malighafi: vyungu vya udongo wa kuchoma ni vizuri macho yakitazama, lakini vinapumua, na maji yanapotea kupitia ubavuni. Viweke kwenye kivuli. Plastiki inashika maji vizuri na ni nyepesi kubeba. Ubaya ni kwamba wepesi huohuo unamfaa mwizi, na baada ya miaka michache ya jua inapasuka. Bati na chuma sitaki hata kuvisikia upande wa jua, vinachemsha mizizi. Matairi yaliyopakwa rangi yana mahali pake, shuleni na uani, ila mlangoni pa ofisi yanaonekana ni matairi yaliyopakwa rangi.

Kilichobaki ni saruji, na huko ndiko moyo wangu uliko. Ni nzito, haiibiki, haiangushwi na upepo, na fundi yeyote wa ujenzi anaweza kukutengenezea. Mpe vipimo hivi: boksi la sentimita 45 kwa 45 kwa 45 kwa nje, ukuta na sakafu unene wa sentimita 4. Uwiano ni saruji ndoo moja kwa mchanga mkali ndoo tatu, na wavu wa kuku katikati ya ukuta kama nondo. Kwenye sakafu asimike vipande vinne vya bomba la plastiki la kipenyo cha sentimita 2 ili viache matundu. Akishatoa mbao, boksi lifunikwe kwa magunia yaliyolowa siku saba. Usimruhusu akimbilie, saruji iliyokauka juani bila maji inakuwa dhaifu na inaanza kumomonyoka mwaka wa kwanza.

Halafu hatua ambayo mafundi hawaijui kwa sababu wao hawapandi: saruji mpya ina ukali wa chokaa unaounguza mizizi. Ziba matundu, jaza maji, mwaga na ubadilishe kila baada ya siku mbili au tatu kwa wiki mbili. Maji ya kwanza mwaga mbali na mimea.

Boksi hilo likiwa tupu lina kama kilo 80. Likijaa udongo uliolowa linapita kilo 150. Lisimike pale litakapokaa, na kama ni ghorofani, usilisimike kabla ya kuongea na aliyejenga jengo. Liinue chini kwa vipande vya marumaru au matofali kama sentimita 3, maji yapate pa kutokea na sakafu isiote ukungu.

Hatua ya 3: Udongo, na kokoto zisizo na kazi

Wasukuma wameainisha udongo wao vizuri kuliko vitabu vingi. Juu mlimani, chini ya yale mawe makubwa, kuna luseni, udongo wa mchanga unaotokana na granaiti iliyomomonyoka. Ukishuka unakutana na itogolo, unaoshikamana ukawa mgumu. Bondeni kabisa ni mbuga, ule mweusi unaonata mvua ikinyesha na kupasuka nyufa kiangazi. Miaka ya 1930 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne alipoandika jinsi udongo wa Afrika Mashariki unavyobadilika kwa mpangilio kutoka kilimani hadi bondeni, wakulima wa Usukuma walikuwa na majina ya kila ngazi tayari.

Kwako wewe maana yake ni hii: usichote mbuga. Ni udongo wenye rutuba, pamba na mpunga vinajua hivyo, lakini ndani ya chungu unajifinya ukikauka, unaachana na ukuta, na maji yote yanateremka pembeni bila kugusa mzizi. Chukua luseni au udongo wa juu wa tifutifu. Uchanganye hivi: ndoo mbili za udongo, ndoo moja ya samadi ya ng'ombe iliyooza, ndoo moja ya maganda ya mpunga. Maganda tunayo hadi yanachomwa bure kwenye mashine za kukoboa. Yanafanya udongo uwe mwepesi na upitishe hewa. Kwa mimea ya jangwani punguza samadi iwe nusu ndoo na ongeza ndoo moja ya mchanga mkali. Anayetoka Dar es Salaam huogopa mchanga wa ufukweni kwa sababu ya chumvi. Ziwa letu ni maji baridi, shida ya mchanga wake ni kwamba mwingi ni laini mno. Tafuta wa mto, wenye punje.

Samadi iwe imekaa angalau miezi mitatu. Ichukue mkononi: ikiwa ya moto, inanuka au bado unaona mabonge ya kinyesi, irudishe. Samadi mbichi inaunguza mizizi, na mlangoni pa mgahawa itakufukuzia wateja. Kwa sababu hiyohiyo mapanki (mabaki ya sangara) na vumbi la dagaa viache shambani, hata kama jirani yako ameapa kwamba vinakuza. Nzi na paka hawatakuacha. Mboji ya magugu maji ni nzuri ikishaoza kabisa. Mmea ule hufyonza madini mazito pale maji yalipochafuka. Kwa maua si hoja, kwa mchicha mimi siweki. Ila usithubutu kuuweka ukiwa hai kwenye beseni eti pambo. Kero ya gugu lile imetutosha ziwani.

Sasa kokoto. Karibu kila mtu huweka kokoto chini ya chungu "ili maji yatoke". Hazisaidii. Maji hayavuki kirahisi kutoka udongo laini kwenda kwenye mapengo makubwa ya kokoto. Yanasubiri juu yake mpaka udongo ujae kabisa. Kwa hiyo unachofanya ni kupandisha tope juu, karibu na mizizi, na kupunguza tenki lako. Weka kipande cha chandarua kilichochakaa au wavu wa dirisha juu ya tundu udongo usitoke, kisha udongo moja kwa moja. Kokoto zako zitunze, tutazitumia juu.

Hatua ya 4: Mimea yenye kiu moja

Chungu kimoja kisizidi aina mbili: mmoja wa kusimama, mmoja wa kumwagika pembeni. Na lazima wawe na kiu moja. Ukipanda mshubiri (alovera) na kana, ua linalopenda maji, chungu kimoja, ukimfurahisha mmoja unamuua mwenzake. Mmea wa kusimama, ukishakua, uwe na urefu kama mara moja na nusu ya chungu chenyewe, usizidi mara mbili, na usifunike bango la jina.

Tegemea majani kuliko maua. Ua linakaa wiki, likianguka linahitaji mtu wa kuokota.

Kwa jua kali la magharibi, bogenvilia ndiyo mfalme. Inapenda kiu kidogo. Ukiimwagilia sana na kuitilia samadi nyingi inatoa majani tu bila rangi. Ina miiba, kwa hiyo iwe nusu mita kutoka wanakopita watu na ikatwe kila baada ya miezi mitatu. Adeniamu nayo inaota porini kwetu Tanzania, shina lake nene ni dumu la maji, na hutoa maua ya rangi ya waridi hata kiangazi. Utomvu wake ni sumu kweli, wawindaji wa zamani waliutumia kwenye mishale, basi vaa glovu ukiikata na usiiweke mahali watoto wanasubiri wazazi wao. Mshubiri, au alovera kama wengi tunavyouita, hauna matatizo yake wenyewe. Tatizo ni majirani. Mlangoni pa saluni utakatwa jani moja leo la uso, kesho la nywele, na baada ya mwezi umebaki kisiki. Wa kumwagika jua kali tumia ile yenye majani ya zambarau inayotambaa yenyewe. Ukivunja kijiti ukakichomeka kinashika.

Kwa kivuli cha kibaraza, rudi kwenye chungu changu cha Kirumba. Sansevieria ni ile ya majani yaliyosimama kama mapanga, yenye mabaka ya kijani, nyingine na mstari wa njano ukingoni. Wapo wanaoiita ulimi wa mama mkwe. Inavumilia kivuli, inavumilia jua, inakaa wiki mbili hadi tatu bila maji. Kitu pekee kinachoiua haraka ni huruma, yaani maji ya kila siku. Mwenzake ni zamiokulka, yenye vijani vinavyong'aa kama vimepakwa nta na viazi vya maji chini ya udongo. Wateja huniuliza imetoka nchi gani ya Ulaya. Asili yake ni huku kwetu, Afrika Mashariki na kushuka hadi kusini. Masale nayo inafaa, na ina faida ya ziada: kwa Wachagga jani la masale ni ishara ya amani na kuombana radhi. Nimeona mteja anasimama mlangoni pa duka la vipuri anatabasamu kwa sababu yake.

Pale penye jua la nusu siku weka kroton. Rangi zake nyekundu na njano zinahitaji mwanga. Ukizificha kivulini zinageuka kijani. Inakunywa zaidi kidogo kuliko wenzake hao.

Visivyofaa: mnyaa, ule wa kuzungushia nyua za Usukuma, unaanza vizuri na haufi, lakini maziwa yake yakiingia jichoni ni safari ya hospitali. Oleanda ni sumu kuanzia jani hadi mzizi. Difenbakia mtoto akiitafuna mdomo unavimba. Michikichi ya mapambo yenye majani membamba hukauka ncha kwenye upepo wa ziwani ikabaki kama ufagio. Begonia na waridi nimeshasema.

Kuna mambo mawili ya ziwani ya kuzingatia. Kila mwezi ukiandama wale wadudu wadogo hutoka ziwani kama moshi na kufuata taa. Ukiwa na taa ya mlango inayowaka usiku, asubuhi majani mapana yenye vinyweleo yatakuwa yamefunikwa na maiti zao. Majani magumu yasiyo na vinyweleo unayapangusa ukamaliza. Na kama uko karibu na soko la samaki la Mwaloni au popote korongo wenye mfuko shingoni wanapolala mitini, usiweke chungu chini ya mti huo. Sina la kuongeza.

Hatua ya 5: Kupanda

Panda mvua zinapoanza, Oktoba mwishoni au Machi, hata kama chungu kiko barazani, kwa sababu hewa ina unyevu na mche hausumbuki. Ukilazimika kupanda Julai, mwagilia kwa karibu mwezi mzima wa kwanza.

Mwagilia mche ungali kwenye kiriba. Jaza udongo, ukandamize kidogo kwa mkono, chana kiriba, na kama mizizi imejizungusha ilegeze kwa vidole. Shingo ya mmea ibaki usawa uleule iliokuwa nao. Acha sentimita 5 kutoka ukingo wa chungu. Wengi hujaza hadi juu, maji yanamwagika nje kabla ya kuzama. Kisha mimina lita 5 polepole kwa chungu cha lita 50, ngoja, ongeza mpaka chini kudondoke.

Juu ya udongo tandaza kokoto za granaiti unene wa sentimita 3. Huu ni Mji wa Miamba, kokoto hazitafutwi. Zinazuia jua lisinyonye maji, zinazuia matope yasiruke ukutani, na kwa namna fulani watu huona aibu kutupa vocha kwenye mawe safi kuliko kwenye udongo.

Hatua ya 6: Tenki la siri

Hii ni kwa kroton, masale na wenzao wanaokunywa. Sansevieria, adeniamu na mshubiri usiwafanyie, wataoza.

Tafuta ndoo mbili za rangi za lita 20 zinazoingiana, uzioshe. Ukiingiza moja ndani ya nyingine ibaki nafasi ya sentimita 8 chini. Isipobaki, weka chini vipande vya bomba la inchi 4 vilivyokatwa kwa kimo hicho. Nafasi hiyo inashika kama lita 4 za maji. Kwenye kitako cha ndoo ya juu kata tundu la kuingiza kopo la plastiki la mtindi, kopo liwe limetobolewa matundu mengi ubavuni na lining'inie hadi sakafu ya ndoo ya chini. Toboa matundu mengine madogo kumi kitakoni kwa msumari wa moto. Pembeni pitisha bomba la inchi moja kutoka juu hadi kwenye tenki, ncha ya chini ikatwe mshazari isizibe. Halafu toboa ndoo ya chini ubavuni, chini kidogo ya usawa wa kitako cha ndoo ya juu. Hilo ni tundu la kumwagia ziada. Bila hilo mvua itazamisha mizizi.

Jaza kopo kwa udongo uliolowa na ulioshindiliwa, kwa sababu huo ndio utambi unaopandisha maji. Jaza ndoo, panda, mwagilia kwa juu mara ya kwanza, na baada ya hapo jaza kupitia bomba tu. Ukiona maji yanatoka tundu la pembeni, acha. Ndoo nzima iingize ndani ya boksi lako la saruji na uzibe nafasi ya pembeni kwa kokoto. Uzuri mwingine ni huu: mmea ukichoka unanyanyua ndoo, unaweka nyingine iliyokuwa uani, mteja hajui kilichotokea.

Mdomo wa bomba uzibe kwa kitambaa, tundu la ziada lifunge kwa kipande cha chandarua. Na vile visahani vya chini ya vyungu viondoe. Mbu hutoka yai hadi kuruka ndani ya siku saba hadi kumi, na huyu wa dengi huuma mchana, yaani saa zako za kazi.

Hatua ya 7: Jina kwenye daftari

Kazi ya wote haina mwenyewe. Andika jina la mtu mmoja kwenye daftari la zamu, na la pili la akiba. Mara nyingi mlinzi wa usiku ndiye bora, anatoka alfajiri wakati maji yanazama bila kuvukizwa. Mwambie siku, usimwambie "ukiona yamekauka". Kiangazi: tenki lijazwe Jumatatu na Alhamisi, bogenvilia Jumatatu tu, sansevieria tarehe 1 na tarehe 15. Masika, vyungu vinavyonyeshewa viachwe. Kabla ya kumwagilia aingize kidole hadi kiungo cha pili. Kukiwa na ubaridi wa unyevu, aahirishe. Maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi ni safi kwa mimea, tega ndoo.

Mara moja kwa mwezi apanguse majani kwa kitambaa chenye maji, maana vumbi la Julai linaziba mwanga. Akiona vidudu vyeupe kama nyuzi za pamba kwenye makutano ya jani na shina, kijiko cha chai cha sabuni ya maji kwenye lita moja ya maji, apanguse, arudie baada ya wiki. Mara mbili kwa mwaka, mvua zinapoanza, sogeza kokoto, ongeza kopo mbili za samadi iliyooza, rudisha kokoto.

Baada ya miaka miwili au mitatu sansevieria itabana chungu mpaka plastiki itune. Ing'oe yote, kata shina la chini kwa kisu safi vipande vitatu vyenye majani na mizizi, acha vidonda vikauke kivulini siku mbili, panda. Kile chungu cha mama wa Kirumba nimekigawa hivyo mara nyingi hadi sijui tena vipande vyake viko milango mingapi. Ukitaka kuotesha kutoka jani moja pia inawezekana, ila aina yenye mstari wa njano ukiiotesha kwa jani hutoa watoto wa kijani kitupu. Ukiutaka ule mstari, gawanya shina.